Wageni wa Kitandani kwa Maman Bibiane

Maman Bibiane alisinzia tena juu ya sambaza zake, pale soko la Kadutu.

"Maman, unauza samaki ao unauza usingizi?" mteja mmoja akamtania.

Akina mama wa meza za jirani wakacheka. Bibiane akacheka nao, lakini mwili ulikuwa mzito kama gunia la makaa lililonyeshewa. Tangu mvua zianze, nyumbani kwake hakuna aliyelala. Kunguni walijaa kitandani. Mtoto wake Glody alijikuna mpaka akatoka vidonda. Mume wake, Placide, alitaka wahame. Wahamie wapi? Bukavu hii, nyumba haiokotwi njiani.

Aliporudi, akaanika blanketi nyuma ya choo, mahali watu hawaoni. Lakini Ghislaine aliona. Ghislaine ni jirani. Alijifunza mambo ya sheria katika shirika la akina mama, na habari za avenue, mtaa wao wote, hupita kwake kwanza.

"Juu ya nini blanketi inajificha? Imeiba?"

Bibiane hakuwa na nguvu ya kudanganya. "Ni kunguni, dada. Tumechoka. Wiki hii tunatoka. Bayere amekataa kutusaidia."

Bayere, yaani mwenye nyumba, ni Papa Gérard.

"Amekataa? Ulimuambia nini?"

"Haya ilinishika. Nilimuambia, 'Papa, tuko na wageni mu chumba, wanatusumbua sana.'"

"Naye?"

"Akasema, 'Wageni wako, shida yako. Wakizidi, utoke nao.'"

Ghislaine akaketi chini kwa kicheko. "Yesu wangu! Papa Gérard anafikiri umejaza wajomba toka Nyangezi!"

Bibiane akacheka mpaka machozi, asijue kama ni ya kicheko ao ya uchovu.

"Sikiliza," Ghislaine akasema. "Kunguni si jambo la haya. Wanataka damu, hawaulizi sabuni. Wanakuja mu nguo, mu mizigo, mu godoro ya okazio ambayo wengine wamekwisha kulalia. Wewe mupangaji, kazi yako ni kusema mapema, kwa jina lao. Usafishe nyumba, umuache mwenye dawa aingie. Usitupe godoro njiani, mwingine ataiokota. Bayere, kazi yake ni kukupa nyumba ya kulalika na kuitengeneza. Tena hawezi kukutoa hivi hivi. Lazima akujulishe mbele, akuachie muda."

Wakamkuta Papa Gérard akinywa chai.

"Papa," Bibiane akasema, "wale wageni si bandugu. Ni kunguni. Wanatoka mu nyufa za mbao."

Mzee akaruka. "Ni uchafu wenu! Mununue dawa!"

"Placide alitaka kumwaga dawa ya shamba."

"Hapana!" Ghislaine akadakia. "Ile inaua mutoto mbele ya kuua kunguni. Papa, vyumba vyako vinashikana. Ukitibu kimoja, watavuka kwa Ornella, chumba cha pili, kisha watarudi. Na ule ukuta wa mbao ni wa nani?"

Papa Gérard akatazama kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa.

"Ni wangu," akasema polepole.

Akamwita Ezéchiel, fundi wa dawa za wadudu. Wapangaji wote wakatoa vitu nje siku moja, wakachemsha nguo na mashuka. Avenue nzima iliona magodoro. Bibiane alingoja matusi. Badala yake mama mmoja akamsogelea, akanong'ona, "Hata kwangu wako." Kisha mwingine.

Bayere alileta mbao, Placide akaziba nyufa. Ezéchiel alirudi tena, kwa sababu mayai hubaki na huanguliwa baadaye. Kazi ilichosha. Bibiane aliapa mara nyingi kwamba hataiweza.

Halafu Jumapili moja kengele ya misa ya kwanza ikalia. Ya misa ya pili nayo ikalia, na mlango wa Bibiane bado umefungwa. Ghislaine akaja kugonga mlango, akasikia Placide akikoroma, akaenda zake akinyata.