Ndoana Sita za Britta

Kila alipotoka shule, Britta Kangas alikuwa na kazi tatu: kuzoa majivu ya jiko la kuni, kumlisha mbwa, na kumenya viazi kabla mama yake hajarudi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikokuwa muuguzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuhitaji kukumbushwa. Lakini Jumatano hiyo ya mwezi wa Mei alimenya kiazi kimoja hadi kikabaki kidogo kama gololi. Mawazo yake yalikuwa kwenye Jumamosi.

Jumamosi msimu wa kuvua wolai, samaki mtamu wa maziwa ya baridi, ulikuwa unafunguliwa. Kaskazini mwa Minnesota hakuna anayepanga harusi siku hiyo. Baba yake, Dale, aliyeendesha lori la magogo wiki nzima, angerudi Ijumaa jioni, na alfajiri ya kesho yake wangekuwa ziwani wote wawili. Kisha Jumapili ilikuwa Siku ya Mama. Tangu Britta apate akili, mama yake hula wolai wa kukaanga siku hiyo, na samaki huyo huvuliwa na baba.

"Mwaka huu hatununui chambo hata kimoja," baba alikuwa amesema kwenye simu juzi yake. "Safari zimepungua, na pesa nayo imepungua. Lakini kila kitu kimo ndani ya sanduku langu la kijani. Umelitunza, siyo?"

"Ndiyo, Baba," Britta alijibu.

Sanduku halikuwepo. Oktoba iliyopita, walipoitoa mashua majini kwa majira ya baridi, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchomoa kizibo cha tundu la kutolea maji na kung'oa magugu yote yaliyonasa kwenye tela, kama sheria ya maziwa inavyotaka. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Aliliweka sanduku chini, kwenye saruji ya gati la kushushia mashua, akang'oa magugu, akaingia garini. Alilikumbuka wakati wa chakula cha jioni. Asubuhi alipanda baiskeli hadi gatini. Hakukuta kitu. Ndani mlikuwa na vyambo bandia ambavyo baba alivikusanya kwa miaka ishirini, na kimoja cha mti alichokichonga marehemu babu, kilichopakwa rangi kikafanana na samaki mdogo.

Miezi saba Britta alikuwa amenyamaza. Kila alipopiga magoti kuomba, alitaka kusema, "Mungu, Baba asijue," lakini alishindwa kuifikisha sala hiyo kwenye amina.

Sasa alikuwa na mpango. Kwenye duka la mitumba la kanisa alikuwa amepata sanduku la kijani linalofanana na la baba kwa dola nne. Katika pesa alizolipwa kwa kuzoa theluji ya majirani, zilibaki dola kumi na sita. Alihitaji kulijaza tu.

Alhamisi alikwenda kwa Bibi Verna, mwenye duka la chambo kando ya barabara. Bibi Verna alikuwa amevaa sweta la mwanamume na alikuwa akichota visamaki hai kwa wavu mdogo.

"Shikamoo, Bibi Verna."

"Marahaba. Mbona umeingia kama paka aliyeiba maziwa? Funga mlango, joto linatoka."

"Nataka vyambo vya wolai. Vingi. Nina dola kumi na sita."

Bibi Verna aliweka wavu chini. "Vingi vya nini? Mnavua wapi?"

"Ziwa Sorrel. Kwenye mashua."

"Na maji bado baridi kama moyo wa mkwe wangu." Alicheka peke yake, kisha akatandaza kitambaa juu ya kaunta. "Sikiliza. Wolai wa Mei ni mvivu. Yuko chini, karibu na mawe, na hafukuzi kitu. Chambo kikubwa kinachomeremeta hukipisha tu kiende zake. Mpe kitu kidogo, mpelekee hadi mdomoni."

Akapanga ndoana ndogo, kila moja ikiwa na kichwa cha duara cha madini ya risasi kilichopakwa rangi. "Anayeanza zinamtosha sita. Nne nyepesi za maji ya kina kifupi, mbili nzito kidogo upepo ukivuma. Chukua rangi ya ndimu, ya chungwa na nyeupe. Chomeka kisamaki hai, ishushe mpaka iguse chini, inyanyue kidogo, ishushe tena. Basi. Hizi na visamaki dazeni mbili, na unabakiwa na chenji."

Britta alizitazama zile ndoana. Zote sita zingeenea kwenye kiganja kimoja. Sanduku lilikuwa na vyumba thelathini.

"Huna vya bei rahisi vya... vya kujaza?"

"Kujaza nini?"

"Sanduku."

Bibi Verna alimkazia macho. "Mwanangu, unataka kuvua samaki au unataka sanduku lionekane limejaa?"

Britta alihisi masikio yanawaka. Alisema atarudi, akatoka mbio.

Nje alimkuta Coulter, kijana wa darasa la juu yake, ameegemea baiskeli na mfuko wa plastiki wenye vyuma vinavyogongana.

"We Britta! Nasikia unatafuta chambo. Thelathini na tano hizi. Dola kumi na tano tu, kwa sababu wewe ni jirani."

Aliufungua. Mlikuwa na vyambo bandia vyenye umbo la vijiko vikubwa vya bati, vyekundu na vya fedha, vyenye ndoana za meno matatu zilizoshika kutu. Vilikuwa vya kuvulia samaki wakubwa wakali wanaojificha kwenye majani ya ziwani, si wolai. Lakini vingejaza vyumba vyote thelathini.

"Hizi si za wolai," Britta alisema.

"Nani atachungulia? Baba yako akiuliza, mwambie panya wamezibadilisha rangi." Coulter akacheka mpaka akakohoa. "Unatetemeka nini? Toa hela bwana, nina njaa."

Britta alitoa noti. Alikuwa tayari amenyoosha mkono alipomwona baba yake akilini: ameketi kwenye mashua, upepo unampiga, anafungua sanduku kutafuta kile cha mti. Ataondoa vijiko kimoja kimoja. Kisha atamgeukia yeye.

Hakuna duka lililokuwa na kitu cha kuweka kwenye chumba cha kile cha mti.

"Hapana," alisema, akarudisha mkono.

"Mwoga!"

"Sawa, mwoga."

Alirudi ndani. Alinunua zile sita, na visamaki dazeni mbili ndani ya ndoo yenye maji. Bibi Verna alimwachia achague rangi ya ile ya sita, na Britta akachagua ya waridi.

Ijumaa lori liliponguruma uani, Britta alilisukuma sanduku chini ya meza. Baba aliingia akinuka utomvu wa misonobari, akambusu mama, akanawa, wakaketi. Mama alipomaliza kuombea chakula, Britta hakusema amina. Alinyanyua sanduku kutoka chini ya meza, akaliweka kati ya viazi na siagi.

"Baba, hili si lako."

Aliyasema yote akitazama siagi: saruji, magugu, baiskeli, uongo wa kwenye simu. Kile cha mti alikitaja mwisho.

Baba aliuliza swali moja tu. "Tangu Oktoba?"

"Tangu Oktoba."

Aliweka uma chini, akatoka kwenda gereji. Britta aliinuka kumfuata, lakini mama alimshika mkono. "Mwache kidogo. Aliyekichonga alikuwa baba yake."

Chakula kilipoa. Britta alisikia vitu vikisogezwa gereji. Moyoni aliomba, na safari hii sala ilikuwa fupi: "Mungu, mfariji Baba." Aliifikisha mwisho.

Baba aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na mikononi alikuwa na fimbo mbili za kuvulia.

"Fungua tuone," alisema.

Ndoana sita zilikaa kwenye pembe moja ya sanduku lile kubwa. Baba aliziinua moja moja mbele ya taa.

"Nani kakuchagulia?"

"Bibi Verna. Ila ya waridi nimechagua mimi."

"Inaonekana," alisema baba, na mama akaficha kicheko kwa kitambaa.

Jumamosi ziwa lilikuwa la kijivu na baridi ilipenya mpaka kwenye mifupa. Kwa muda wa saa mbili nzima hawakupata kitu. Moja ya ndoana za rangi ya chungwa ilikwama kwenye mawe na kukatika, na Britta akaanza kuhesabu zilizobaki. Je, kama Bibi Verna alikosea? Je, kama Jumapili mama atakula viazi vitupu kwa sababu yake?

"Umegusa chini?" baba aliuliza.

"Sijui."

"Ukigusa utajua. Usiharakishe."

Aliishusha ile ya ndimu, ikagusa. Akainyanyua kidogo. Uzito ukaning'inia kwenye mshipi, kama mtu anayevuta shuka taratibu. Samaki alipotokea, macho yake yaling'aa kama kioo. Baba alimlaza kwenye ubao wa kipimo: inchi kumi na tisa. Britta alifumba macho. Kwa sheria ya Ziwa Sorrel, wolai wa kuanzia inchi kumi na nane hadi ishirini na sita lazima arudishwe majini.

Hakukuwa na mashua nyingine karibu. Britta alimtazama samaki, akamtazama baba. Kisha akainama yeye mwenyewe, akamshika majini mpaka alipopiga mkia na kuzama.

Baba alimpa kisamaki kingine. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamepata wawili wa inchi kumi na tano, na mmoja kati yao alishikwa na ile ya waridi, jambo lililomfanya baba atikise kichwa mara kadhaa.

Walipokuwa wakikaribia ufukwe baba alizima injini, mashua ikateleza yenyewe.

"Britta, kile cha mti kinaniuma, na kitaniuma bado. Sitakudanganya. Lakini kusahau kunampata kila mtu. Mimi niliwahi kuishusha mashua majini nikasahau kizibo. Kilichokutesa miezi saba ni kuficha. Ukikosea, njoo uniambie siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Nitakasirika, nitatoka nje, kisha nitarudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba. Nisamehe."

"Nilikusamehe jana, kule gereji. Shika kamba, tufunge mashua. Mama yako anangoja samaki."