Chakula Kiitwacho Femelelundi

"Nani kakwambia hichi chakula?"

Bi Khamisa aliishika ile barua kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa imejaa unga. Akaisoma tena, akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia, machozi yakamtoka, wateja wawili waliokuwa wakinywa chai wakageuka kutazama kulikoni.

Mashavu naye alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua linalochekwa.

"Bi Khamisa, mie nimekuja unipikie, sikuja kuchekwa."

"Nikupikie nini, mwanangu? Hebu litaje tena jina lake."

"Femelelundi." Alilitamka kwa uangalifu, kama alivyolizoea kwa miaka miwili. "Msabah kaandika ndio chakula chao bora huko Marseille. Kila mkahawa mzuri wanayo, mpaka wanaiandika mlangoni peke yake, kwa herufi kubwa. Jumamosi anarudi. Nnataka aikute kwetu, ajue na sie tunaweza."

Hapo Bi Khamisa akaacha kucheka. Alikuwa mama wa Kingazija, na kabla ya mwaka sitini na nne alipika miaka kumi na tisa katika nyumba ya Mfaransa mmoja pale Shangani. Mfaransa alipofunga virago, yeye alifungua mkahawa wake huku Malindi, wa chai na maharage ya nazi, na mji mzima ukauita Kwa Mfaransa. Kama kulikuwa na mtu Unguja nzima wa kuulizwa habari za chakula cha Kifaransa, ni yeye. Ndiyo maana Mashavu alimwendea.

"Kaa kitako," alisema.

"Nimekaa."

"Hilo si jina moja, ni maneno matatu ya Kifaransa yamegandishwa. Na angelisikia mtu akiyatamka, asingeyaandika hivi. Kayaona tu. Maana yake, siku ya Jumatatu pamefungwa."

Mashavu alimtazama. Nje, muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake.

"Mtu anayeyaona maneno hayo, Bi Khamisa, anakuwa yuko wapi?"

"Anakuwa nje, mwanangu. Mbele ya mlango uliofungwa."

Mashavu aliichukua barua yake, akaikunja, akatoka bila ya kuaga. Na yeye si msichana wa kutoka bila ya kuaga.

Nawaomba msimhukumu haraka, wala huyo Msabah msimhukumu bado. Mambo yalianza hivi. Zamani, wangali wadogo na hata uchumba bado, walikuwa wakipita makusudi chini ya dirisha la yule Mfaransa wa Shangani, kunusa. Harufu ya siagi na kitunguu ilikuwa ikishuka mpaka njiani, na Mashavu alikuwa akisimama pale akifumba macho. Msabah alipopata safari ya meli mwaka sitini na nane, Mashavu hakumwagiza kanga wala saa.

"Ukifika kwao," alimwambia, "nitafutie mkahawa wao ulio mzuri kuliko yote. Ukae kama bwana, ule, uniandikie ulichokula. Mie ntakula kwa macho."

Msabah akaandika. Kila wiki barua, na kila barua mkahawa mpya. Huku Unguja mchele ulikuwa wa foleni, unga wa foleni, na Mashavu alikuwa akizisoma barua zile kwa sauti huku foleni ikijivuta. Wanawake walimeza mate. Walikuwa wakimuuliza, "Leo Msabah kala nini?" Na kila mara mwishoni, Femelelundi. Kwa ajili ya barua hizo Mashavu alimkataa Mkadam mara mbili, na Mkadam hana kosa lolote: mjane mpole, ana kazi yake bandarini, na amesema hatavutana juu ya mahari.

Siku ileile, saa kumi alasiri, Msabah alipiga simu kutoka Dar es Salaam kama walivyoagana kwa barua. Simu ilipigwa dukani kwa Mzee Mjaka, fundi saa wa Darajani, na Mashavu aliipokea amesimama baina ya saa arubaini zisizokubaliana wakati.

"Haloo! Mashavu? Mashavu, ni mie!"

"Nnakusikia."

"Jumamosi nnafika! Mbona sauti yako hivyo?"

"Simu hii. Msabah, nnataka kukuuliza kitu. Femelelundi inaliwa na nini?"

Waya ulivuma.

"Inaliwa... na mkate."

"Ina mchuzi?"

"Mchuzi upo. Kidogo. Mweupe."

"Ya samaki au ya nyama?"

"Inategemea, lakini mie napenda ya samaki. Kwani vipi?"

"Hapana kitu. Nlitaka kujua tu."

Akairudisha simu mahala pake taratibu, akamshukuru Mzee Mjaka, akaenda nyumbani na kujifungia. Barua zingeweza kuwa mzaha. Lakini hapa alimpa nafasi ya kusema kweli, naye akamtilia mchuzi. Kama mtu anaweza kukueleza ladha ya kitu kisichokuwapo, kipi kingine alichokuandikia kipo? Yale ya "sikusahau hata siku moja" nayo yana mchuzi mweupe? Mashavu alilia kwa uchungu wa kweli, na aibu ya foleni nzima ilimpanda kichwani.

Mama yake, Bi Time, alibisha mlango.

"Watu wa Mkadam wanakuja Jumatatu jioni kuchukua jibu. Niwambie nini safari hii?"

"Waambie waje," alijibu Mashavu.

Jumamosi meli ilitia nanga, na Mashavu hakwenda gatini. Msabah alitafuta uso wake katika kila buibui mpaka gati likabaki na makuli peke yao. Jioni akatuma kikaratasi: "Mashavu, umekwenda wapi? Au unaumwa? Kesho baada ya alasiri ntakuja kwenu. Wako, Msabah." Kikaratasi kilirudi kikiwa na neno moja nyuma yake: "Njoo."

Alikuja. Amekonda, ameshika kifurushi cha karatasi ya kaki. Bi Time alipokea shikamoo yake, akaitikia marahaba nusu nusu, akaingia ndani nyuma ya pazia. Kwamba anasikiliza, hakuficha, maana miguu yake ilionekana.

"Umefika salama?" aliuliza Mashavu.

"Salama. Sikukuona gatini."

"Hukuniona kwa sababu sikuja."

"Nimekosa nini?"

"Femelelundi inaliwa na mkate, eh?"

"Mashavu..."

"Na mchuzi mweupe, eh?"

"Nisikilize..."

"Si chakula, Msabah! Bi Khamisa kanisomea. Ni maneno ya mlangoni. Maana yake, siku ya Jumatatu pamefungwa. Miaka miwili unanilisha kufuli, na mie nnawalisha watu wa foleni!"

Alingoja akane. Alikuwa ameyapanga majibu ya kila uongo ambao angeuleta. Lakini Msabah hakukana. Alibaki ameduwaa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugeni.

"Sema tena," alisema.

"Jumatatu pamefungwa."

"Jumatatu tu?"

"Ndio."

"Kwa kila mtu?"

"Sasa pafungwe kwa nani?"

Msabah alikaa chini juu ya mkeka, palepale alipokuwa amesimama. Kifurushi kilimwanguka.

"Mie nlidhani nnafungiwa mie," alisema.

Mashavu hakuelewa. Kisha, kwa jinsi yule mwanamme alivyouziba uso wake kwa mikono, akaanza kuelewa.

"Nieleze," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa chini.

"Meli iliniacha kule baada ya mwezi mmoja tu. Nikapata kazi ya udobi, nafua vitambaa vya meza vya mikahawa. Alfajiri mpaka isha niko kwenye maji ya moto, na Wasomali wawili wasiojua Kifaransa kama mie. Lakini nikasema, vizuri, nshapata njia ya kumtafutia Mashavu mkahawa wake. Kwa sababu mkahawa mzuri unaujua kwa kitambaa chake. Kikirudi safi, watu wamekula kwa adabu tu, hawakufurahi. Kikirudi kimechafuka mpaka kati, mchuzi huku, mkate umepanguswa kule, ujue hapo watu wamekula. Na jina la mkahawa limetariziwa pembeni. Nikayaandika majina, nikauliza njia."

"Ukaenda?"

"Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumatatu. Hiyo tu. Nikaazima koti, nikachana nywele, nikaenda. Mlango umefungwa, mapazia yameshushwa. Nikabisha. Mtu akachungulia, akaniona, akanitikisia kidole hivi, akarudisha pazia. Nikasema labda hawa wana ubaya wao. Jumatatu ya pili nikaenda mwengine, vilevile. Ya tatu sikubisha tena. Nikawa nasimama mlangoni, nasoma yaliyoandikwa, vyakula vyote, na hilo lililoandikwa peke yake. Kisha narudi kitandani kwangu nakuandikia."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili. Kila Jumatatu mlango mwengine. Kila Jumatatu najiambia, labda huu utafunguliwa kwa mtu kama mie."

Mashavu machozi yalimlenga, lakini hasira ilikuwa bado haijamwisha.

"Na kwa nini hukuniandikia kweli?"

"Ningekuandikia nini? Kwamba uliyemwambia akakae kama bwana kafukuzwa mlangoni kama paka? Mwenyewe uliniandikia, foleni nzima inangoja barua yangu, watu wanauliza Msabah kala nini. Nikaona haya, Mashavu. Kwako wewe nilikuwa nimeingia. Nikaona nikuache ubaki hivyo."

"Na juzi kwenye simu? Nlikuuliza, ukanitilia na mchuzi!"

Msabah aliinamisha kichwa.

"Hapo sina la kusema. Nshazoea."

Jibu hilo ndilo lililomlainisha Mashavu. Mtu anayetaka kudanganya tena asingelisema hivyo.

Nyuma ya pazia Bi Time hakuweza kujizuia.

"Na huyo wa kidole naye! Si angefungua dirisha akasema neno, mtoto wa watu asimame nje miaka miwili?"

Wote wawili walishtuka, na kwa mara ya kwanza macho yao yakakutana. Lakini Mashavu hakucheka.

"Nimekutuma mie, na kosa langu nnalijua," alisema. "Nlikutaka ule ili mie nijisifu foleni. Lakini nisikilize, Msabah. Njaa yako ningeweza kuibeba. Na aibu yako pia. Mume anayenieleza ladha ya kitu asichokula, huyo simwezi. Ukiniongopea tena, hata kama ni chumvi imepungua na weye ukanambia imekolea, mimi basi."

"Sikuongopei tena."

"Haya. Sasa nenda kwenu."

"Na Mkadam? Nimesikia kesho wanakuja kuchukua jibu."

"Nenda, Msabah. Kesho saa saba mchana, uje kwa Bi Khamisa. Kifurushi hicho kina nini?"

"Kitambaa cha meza. Bosi kanipa siku ya kuondoka. Kimeharibika tarizi. Sikuwa na zawadi nyengine."

"Kiache."

Usiku ule Msabah hakulala. Na asubuhi ya Jumatatu ilikuwa ndefu, maana hakuna aliyemwambia lolote. Saa saba kasoro robo alishafika Malindi, amenyoa, shati limepigwa pasi. Alipoukaribia mkahawa, alisimama.

Mlangoni palikuwa na ubao. Juu yake, kwa chokaa, kwa herufi kubwa, paliandikwa:

LEO JUMATATU. TUMEFUNGUA.
FEMELELUNDI IPO.

Alisimama nje akisoma. Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, mikono mfukoni, miguu pamoja, kama alivyozoea. Ndani kulikuwa na meza moja iliyotandikwa kitambaa cheupe, chenye jina la mkahawa wa watu pembeni. Mashavu alikuwa ameketi, na Bi Khamisa amesimama nyuma yake na sahani. Karibu na dirisha alikaa Bi Time, mtandio mabegani.

"Mbona huingii?" aliuliza Mashavu.

"Nnasoma."

"Hujesha kusoma tu? Ingia, Msabah."

Akaingia.

Sahani ilikuwa na changu aliyepikwa kwa tui zito na ndimu, na kitunguu kilichokaangwa taratibu, kwa sababu siagi mji mzima haikupatikana. Pembeni mkate wa boflo, ambao Mashavu aliupangia foleni tangu alfajiri.

"Mchuzi kidogo, mweupe," alisema Bi Khamisa. "Na mkate. Nimefuata maelezo yako ya simu, baba. Sasa chakula hichi kipo. Ukimwandikia mtu, hujaongopa."

Msabah alitia tonge mdomoni. Alitafuna polepole, wote wakimtazama.

"Vipi?" aliuliza Mashavu.

Alisita. Alimtazama Bi Khamisa, akamtazama mchumba wake.

"Niseme kweli?"

"Kweli."

"Chumvi imezidi."

Bi Khamisa alifungua mdomo kutaka kumtukana, lakini Mashavu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akageuka dirishani.

"Mama, watu wa Mkadam wasije jioni. Mpelekee jibu mwenyewe mapema, umwambie kwa heshima, maana yule ni mtu mwema."

"Nshampelekea tangu asubuhi," alisema Bi Time. "Kwani mie jana sikusikia? Ijumaa tutasoma khutba ya ndoa. Kuleni."

Msabah aligeuka ghafla kwa furaha kumtazama Bi Time, na kijiko kikamwagika. Mchuzi uliruka katikati ya kitambaa cheupe. Palepale aliinuka, akakunja mikono ya shati, akaanza kukivuta kitambaa akakitie majini kabla doa halijashika.

Mashavu alimshika mkono.

"Kaa kitako. Leo mkahawa huu ni mzuri. Kiache kichafuke."