Majina Mawili ya Luhende

Bibi Getruda wa Usagara alipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Aliipika taratibu, mpaka mafuta ya karanga yakaelea juu. Mjukuu wake Luhende, mwenye miaka minne, huwa hangoji hata ipoe. Leo alisukuma bakuli.

"Bibi, sitaki."

"Hutaki michembe? Wewe?"

Bibi alimgusa shingo. Ilikuwa ya moto. Alimfunua shati, akaona mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Akambeba mgongoni kwa kitenge, huyo, kituo cha afya.

Mtoto alikuwa mgeni pale Usagara. Alizaliwa Buswelu, na huko aliitwa Elias. Alikuwa mtoto wa kuugua na kulialia. Wazee wakasema marehemu babu yake, Luhende, anataka jina lake. Akapewa jina hilo, akatulia. Tangu hapo, katika familia yao, jina la kwanza halitamkwi. Wanaogopa kuuita ugonjwa urudi.

Kituoni walipokelewa na muuguzi, Nusrat.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hapumui vizuri."

Daktari alimpima. "Ni nimonia," akasema. "Aanze sindano sasa hivi."

Nusrat akaandika jina kwenye kompyuta. "Mbona simwoni humu? Alikuwa anatibiwa wapi?"

"Buswelu, kwa mama yake."

"Vituo vyetu vimeunganishwa. Wakiandika kule, sisi tunasoma hapa. Ana jina lingine?"

"Hana."

"Kuna dawa inayomdhuru?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nimeletewa tu."

Nusrat akampigia simu Dorcas, mama wa mtoto. Haikupatikana. Mtoto akakohoa, akalia bila sauti. Nusrat akachukua sindano, lakini akasita.

"Bibi, kompyuta haijui mila zetu. Ukiandikwa kwa jina jipya, kwake wewe ni mtu mwingine kabisa. Hakika hana jina lingine?"

Bibi Getruda aliitazama ile sindano. Akamtazama mtoto.

"Likitamkwa, atarudi kuugua," akanong'ona.

"Kwani sasa hivi yuko ngomani, bibi? Basi usilitamke. Niandikie."

Bibi akachukua kalamu. Akaliandika kwenye kiganja chake mwenyewe, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Nusrat akasoma kimya, akaandika kwenye kompyuta, na kumbukumbu za Buswelu zikafunguka. Jina la mama lilikuwa lile lile. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni ile ile. Chini yake palikuwa na maneno mekundu.

Nusrat akaiweka sindano chini.

"Alhamdulillahi! Bibi, dawa hii ilimvimbisha uso kule Buswelu, akashindwa kupumua. Wenzetu waliandika tusimpe tena."

Bibi Getruda alimvuta mtoto kifuani. Akaketi kwenye benchi.

"Nusura nimuue kwa kumlinda," akasema.

Daktari alibadilisha dawa, na mtoto akawekewa hewa ya oksijeni. Jioni mbavu zilikuwa zimetulia. Kesho yake aliamka akidai chakula, tena kwa kelele. Bibi hakumkaripia. Alizisikiliza zile kelele kama kwaya.

Nusrat aliyaweka majina yote mawili chini ya namba moja. "Tutamwita Luhende," akasema. "Hilo la zamani tutalisoma tu. Akienda Buswelu, Mkuyuni au hapa, kituo kilichounganishwa kitamjua."

"Kumbe mila na dawa vinaweza kukaa nyumba moja!"

"Vikiambizana ukweli, bibi."

Waliporudi nyumbani, Bibi Getruda alikumbuka kwamba jirani yake, Masalu, naye ana binti aliyebadilishwa jina. Hakumpa nafasi ya kubisha. Akawachukua wote wawili mpaka kituoni.

Nusrat akamtazama binti. Alikuwa anatafuna muwa.

"Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi kitu," akajibu Bibi Getruda. "Tumekuletea jina lake la zamani. Masalu, mwandikie."