Mke wa Fundi Yuko Masomoni

Kila jioni fundi mwashi alirudi na vumbi la saruji kichwani, akaoga, kisha akamfuata binti yake kwa jirani. Mkewe alikuwa mji wa mbali, akisomea shahada ya pili ya afya ya jamii. Gauni lake bado lilining'inia nyuma ya mlango. Fundi hakuwa na moyo wa kulitoa.

Siku moja mtoto aliamka akiharisha. Fundi hakwenda kazini. Alimnyima maji, akihofia yatazidisha kuhara. Kufikia mchana mtoto hakuwa hata na nguvu ya kulia.

Ndipo alipobisha hodi mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akijifunza kazi mtaani pale. Alivuta kigoda, akaketi.

"Habari za hapa, kaka?"

"Si nzuri, dada. Mtoto ananyauka. Mama yake angekuwepo..."

"Umempa nini?"

"Hata tone la maji sijampa. Nilidhani nitazuia kuhara."

"Wengi hudhani hivyo. Lakini mtoto anapoharisha, mwili unaishiwa maji. Lazima tuyarudishe."

Akatoa mkobani pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, akaichanganya katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

"Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri kidogo, umpe tena. Na chakula asinyimwe. Sasa twende kliniki, macho yameanza kuingia ndani."

Waliondoka papo hapo, fundi akimnywesha njiani. Kliniki walimtibu, wakampa na vidonge vya zinki. Kesho yake mtoto aliomba chakula.

Mwanafunzi alirudi kumjulia hali.

"Kaka, kina mama wa hapa humsikiliza nani?"

"Jirani yangu, Mama Vicheko."

"Basi yeye ndiye atakayewafundisha kumtunza mtoto anayeharisha. Mimi nitakaa kando. Nawe ueleze yaliyokukuta."

"Mimi, mbele ya kina mama? Watanicheka mpaka basi!"

Kina mama walipokutana, walimcheka kweli, kisha wakamsikiliza. Siku hizi kila nyumba ina pakiti za dawa, na mtoto akiharisha hanyimwi maji.

Jioni moja mkewe alipiga simu.

"Mume wangu, leo nilikuwa mafunzoni mtaani. Nimempakata mtoto wa watu, mgonjwa. Nikajikuta nanusa kichwa chake kama cha mtoto wetu."

Fundi alitaka kusema, rudi hata kesho.

"Anaendeleaje huyo mtoto?" akauliza.

"Amepata nafuu. Amelala."

"Na wetu amelala. Maliza masomo, mama. Ila ukimaliza, usipitie popote."