Nilimfuma Shosti Yangu na Mama wa Usaili

Nilimwona kwa macho yangu mawili!

Maeve. Shosti yangu tangu chekechea. Amekaa kwenye kona ya mkahawa wa Dot, anaongea kwa sauti ya chini na mama mmoja mwenye koti jekundu...

Na yule mama nilimjua. Picha yake nilikuwa nimeikodolea macho wiki nzima, maana ndiye aliyekuwa anifanyie mimi usaili wa chuo Jumamosi!

Nikabaki nje kwenye theluji, pua imeganda, nachungulia kiooni. Mama anaeleza. Maeve anaitikia kwa kichwa. Mwisho wakapeana mikono kama watu waliomaliza biashara.

Jamani... nikaondoka mbio kabla hawajaniona.

Ngoja mnielewe. Naitwa Corinne Ouellette, wa Lewiston, jimbo la Maine. Baba yangu anakwangua theluji. Msicheke, ni kazi! Baridi ikishika, pikapu yake inafungwa koleo kubwa mbele, anasafisha maegesho ya maduka kabla watu hawajaamka.

Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho sekondari, na nilikuwa na kichaa kimoja tu: Chuo cha Wexcombe.

Kwenye waombaji mia, wanachukua sita. Na hao sita wengi wana wastani wa 4, ambao juu yake hakuna kitu. Mimi nilikuwa na 3.1.

Mnaona? Naenda vitani na kijiko.

Lakini nikatuma ombi la mapema hivyo hivyo. Ombi la mapema unatuma chuo kimoja tu, na wakikukubali umeshaahidi kwenda. Ni kama kuwaambia, "Nawataka nyie, sina mwingine."

Sasa shuleni kwetu kulikuwa na imani moja ambayo kila mtu aliimeza bila kutafuna: Wexcombe hawachukui wawili kutoka shule moja ndogo. Ni mmoja, au hakuna.

Ndiyo maana msimu wa maombi ukifika, huulizi mtu anaomba wapi. Ukimuuliza, atakudanganya. Na wewe ukiulizwa, unadanganya.

Maeve, na wastani wake wa 4 uliokwenda shule, aliniambia anaomba chuo cha Vermont.

Vermont ipi hiyo inayokutana na mama wa Wexcombe kwa Dot?!

Nikampigia Jude. Jude Castonguay ni mpenzi wangu, beki wa timu ya hoki ya barafu, mpole usipime. Yeye alisema anaomba chuo cha jimbo tu, hana makuu.

"Jude, nimemfuma Maeve na Bi. Halloran, yule mama wa usaili!"

"Acha wewe!"

"Wamepeana mikono kabisa!"

Akavuta pumzi ndefu. "Mpenzi... sikutaka kukwambia. Mimi nilishahisi kitambo."

"Ulihisi nini?"

"Hujawahi kujiuliza kwa nini alikuwa anaing'ang'ania insha yako?"

Siri ile nilimwambia Jude peke yake, kwamba Maeve ameisoma insha yangu mara kibao. Maeve ndiye aliyenikomalia niandike kuhusu ule mwaka alama zangu zilipoporomoka. "Eleza, Coco," alisema, maana ndivyo anavyoniita. "Ukificha, watajazia wenyewe."

"Anataka uonekane wa kuhurumiwa," Jude akasema. "Pale hawachukui wa kuhurumiwa. Ondoa ombi, mpenzi. Twende wote chuo cha jimbo."

"Niondoe?"

"Mwenye 3.1 atamshinda mwenye 4? Tuwe wakweli jamani."

Iliuma. Lakini iliingia akilini, na hicho ndicho kilichonimaliza.

Kesho yake nikamvaa Maeve kantini.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Siku hizi kwenu kuna meza za Dot?"

Uso ukamshuka. Akarudisha kipande cha piza kwenye sahani.

"Ulikuwa unanifuata?"

"Nilikuwa napita! Yule mama mlikuwa mnaongea nini?"

"Siwezi kukwambia, Coco. Siyo sasa hivi. Nimeahidi nyumbani."

"Si useme tu kwamba unaomba Wexcombe!"

"Siombi!"

"Basi niambie!"

Machozi yakamlengalenga. "Kama mpaka leo huniamini, mimi sina cha kuongeza."

Akabeba sinia yake, akaenda kukaa na watu wa kwaya.

Mimi nikasema, hayo machozi ni ya mwizi aliyekamatwa. Kuanzia hapo kila alichofanya nilikitolea hesabu. Akifunika simu, ananificha. Akiondoka mapema, anaenda kwa Bi. Halloran. Siku moja nikaona maboksi matupu yamejaa kwenye gari la mama yake. Nikamwambia Jude, "Huyu ameshaanza kufunga mizigo ya chuo!"

"Si nilikwambia?" Jude akasema.

Ijumaa, mezani, nikamwambia baba naondoa ombi langu.

Baba hakuinua macho kwenye sahani ya maharage. "Wamekukataa?"

"Bado, ila..."

"Basi nenda kwenye huo usaili. Ukifukuzwa, ufukuzwe na wenye chuo."

Nikaenda. Kwa hasira, lakini nikaenda.

Bi. Halloran alikuwa kwenye kona ile ile, na koti lile lile.

"Karibu, Corinne. Utakunywa nini?"

Nilipanga kusema chokoleti ya moto. Mdomo ukasema yake.

"Umeshamchagua rafiki yangu, si ndiyo?"

"Rafiki yako yupi?"

"Maeve Tuttle. Niliwaona hapa hapa!"

Akaweka kikombe chini. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, usaili mimi najitolea tu, kwa sababu nilisoma pale. Kinachonilisha ni udalali wa nyumba. Bango limesimama mbele ya nyumba yao tangu asubuhi, kwa hiyo siyo siri tena. Nyumba ya kina Tuttle inauzwa. Maeve aliniletea funguo, mama yake hakuwa na nguvu za kuja."

Inauzwa...

Maboksi! Na gari la baba yake, ambalo sijaliona kwao tangu majani yalipoanza kudondoka! Wazazi wake walikuwa wanaachana, na mimi nimemkaba kantini kama polisi.

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Na mimi nina swali," Bi. Halloran akasema. "Insha yako umeiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, ndiyo! Kwa nini?"

"Kuna kijana wa shuleni kwenu alikaa hapo ulipokaa. Mimi sikumuuliza kitu. Akaniambia kuna msichana mwenye alama ndogo atakuja, na insha ameandikiwa na rafiki yake mwenye akili."

Nikasogeza kiti karibu.

"Kijana gani?"

"Jina sitalitaja. Hata hili sikupaswa kulisema. Ila sipendi kumpima mtu kwa maneno aliyosemwa akiwa hayupo."

Hakuwa na haja ya kutaja. Mtu niliyemwambia kwamba Maeve anasoma insha yangu duniani ni mmoja tu...

Jude!

"Haya," Bi. Halloran akasema. "Alama zako zilianguka. Nieleze kwa mdomo wako."

Nikamweleza. Baba aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, baridi ndiyo kwanza inaanza. Wateja hawasubiri nyonga ipone. Mimi ndiyo nilikuwa nimepata leseni, nikapanda kwenye pikapu. Alfajiri nakwangua maegesho, asubuhi nalala kwenye somo la kemia.

"Kemia ulipata nini?"

"D."

"Mwalimu hakuuliza?"

"Aliuliza. Nilimwambia naangalia sana sinema."

"Ukamdanganya? Kwa nini?"

"Baba alikuwa anaona aibu kulishwa na mtoto. Sikutaka shule nzima ijue."

Nikalia mbele ya mama wa watu. Aliniagizia ile chokoleti, akasubiri nimalize.

Nilipotoka nilimkuta Jude uwanja wa hoki, anafunga viatu vya barafu.

"Unaomba Wexcombe?"

"Nani kakwambia?"

Mtu asiyeomba angesema hapana.

"Jude! Umeniharibia jina?"

"Corinne, nielewe. Nafasi ni moja. Wewe usingeipata hata hivyo, sasa mimi nimekupunguzia nini?"

Na aliyasema kwa upole ule ule. Mpaka leo ndio unaonitia baridi kuliko maneno yenyewe.

Nikaenda kwa Maeve. Nikapita pembeni ya bango, nikagonga.

"Nimekosa," nikasema. "Sina la kujitetea."

"Nimekukasirikia sana."

"Najua."

"Na nitaendelea kukukasirikia."

"Sawa."

Akafungua mlango zaidi. "Ingia basi, tufunge vyombo. Mama amelala."

Katikati ya Desemba majibu yakatoka. Niliyafungulia kwenye chumba cha Maeve, kitupu, tumekaa juu ya maboksi. Yeye ndiye aliyebonyeza.

Akasoma...

"Coco."

"Nini? Sema!"

"Wamekuchukua!"

Tulipiga kelele mpaka mama yake akapanda ngazi mbio akidhani nyumba inaungua. Nikampigia baba. Nikamsikia tu anapenga kamasi.

Kisha simu yangu ikalia. Ujumbe, kutoka kwa Jude.

"NIMECHUKULIWA! Wewe je?"

Nikausoma mara ya pili. Maeve akausoma begani kwangu.

Wawili! Shule moja, siku moja! Ile imani tuliyoimeza wote ilikuwa porojo za kantini, hakuna chuo kilichowahi kuisema. Jude aliniuza kwa ajili ya nafasi ambayo hakuna aliyekuwa anamnyang'anya.

Nikamjibu: "Na mimi."

Akarudisha: "Safi! Basi yaishe mpenzi. Tutakuwa wote."

"Tutakuwa chuo kimoja," nikaandika. "Wote, hapana."

Nikamfungia namba.

Ndugu zangu mnaosoma, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nililijua hilo neno. Kosa langu ni kwamba nilipekua nguo zote nikaacha ile niliyoivaa. Nilimshuku kila mtu, isipokuwa yule aliyekuwa ananifundisha kushuku. Nusura nimpoteze rafiki, na chuo, kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo ukiona mtu ana haraka sana ya kukutoa kwenye foleni, kabla hujamshukuru, geuka nyuma uangalie kama na yeye hajapanga foleni hiyo hiyo.