Sehemu ya Elfu ya Sekunde

Kompyuta ya kiwanda kipya cha kahawa Mbinga iliandika mambo mawili katika sekunde moja: kifuniko kimefunguliwa, 10:14:07, kinu kimewaka, 10:14:07. Lipi lilitangulia? Haikusema. Protasi, mpakiaji, alipoteza vidole vitatu kinuni.

"Alifungua kinu kinazunguka," alisema meneja Masoudi. "Uzembe. Akitoka hospitali, kazi hana."

"Umejuaje, meneja?" Notburga alimkabili. Programu ya kompyuta ile aliiandika yeye, kwa lugha ya Python. "Sekunde ni pana. Mtu anakatwa mara kumi humo!"

"Mtaalamu si wewe? Sema basi."

Notburga aliifungua programu. Python ingeandika mpaka sehemu ya elfu ya sekunde, ila Masoudi alitaka ripoti ya kupendeza, na Notburga akaweka mpangilio wake mwenyewe wa saa, usiojua lolote chini ya sekunde. Sasa aliufuta mstari ule wa programu kwa hasira.

"Turudie," akasema. "Zimeni swichi kuu."

Kompyuta ilibaki kwenye betri yake. Fundi Edmund akainua kifuniko kwa mpini wa ufagio. Kinu kikanguruma, umeme umezimwa, mpini ukakatika, kisha kikatulia.

Kifuniko kimefunguliwa, 11:20:31,212. Kinu kimewaka, 11:20:31,213.

"Kifuniko kilitangulia," Notburga alinong'ona. "Protasi hana kosa. Na hakuna kidole cha binadamu kinachowahi kubonyeza swichi hivyo."

"Wazee walikuja, dada," Edmund akasema. "Waliomba kuyatambikia makaburi ya hapa chini kabla hamjamwaga zege. Mkawaita washamba."

"Mashetani gani mchana! Ni waya," Masoudi akafoka, akapeleka mkono ndani ya kinu kuutafuta.

Ikaja harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo, ikapanda kutoka sakafuni ambako hapakuwa na ufa, na Notburga, akiwa ameikodolea macho skrini, akaona mstari mpya, kinu kimewaka, 11:21:40,000, wakati saa ya kompyuta hiyohiyo ilikuwa bado inasoma 11:21:37, kisha 38, na hapo sauti ikamtoka:

"Toa mkono, meneja! Toa!"

Kinu kilichukua kipande cha shati tu.

Masoudi alisaini taarifa: Protasi hana kosa, arudi kazini.

"Ila rudisha ripoti ya zamani, binti," akasema. "Sekunde nzima nzima. Sitaki kujua kilichomo katikati."

"Sirudishi."

Nyuma ya Notburga skrini ilikuwa imejaa mistari ya sekunde moja: kifuniko kimefunguliwa, ,001, kimefungwa, ,002, kimefunguliwa, ,003, na kifuniko, mbele ya macho yao, hakikutikisika hata kidogo.