Hayakuwa Maringo

Cherehani ilikuwa inanguruma tangu asubuhi. Fundi alikuwa anapinda gauni, pini zimemjaa mdomoni, binti yake alipoingia dukani akilia.

"Mama, uchumba unavunjika!"

Fundi alitema pini zote mezani. "Nani kasema?"

"Mama wa mchumba wangu. Eti jana nilimpita sokoni kama napita nguzo. Anasema mwanawe haoi msichana asiyejua hata shikamoo."

"Na ulimpita kweli?"

"Sikumjua, mama! Siku zote anavaa miwani na kilemba chekundu. Jana hakuvaa."

Fundi alipandwa na hasira. "Mama mkwe mzima humjui? Hayo macho ni ya mapambo? Babu yako alikuwa hivyo hivyo. Mtaa mzima ulimwita Bwana Maringo, akazikwa na jina hilo. Sasa unataka kulirudisha?"

Jirani yao, muuguzi, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri sare yake itiwe vifungo. Alisikia yote.

"Fundi," aliuliza, "wewe wateja wako unawajuaje?"

"Kwa mabega. Huyu bega moja limeshuka, yule anatembea kwa kudunda. Wewe nakujua kwa sare na misuko yako."

"Na sura zao?"

"Sura? Mimi nashona nguo, jirani, sishoni nyuso."

Muuguzi alicheka, akachukua sare yake, akaaga.

Kesho yake mwanamke mmoja aliingia dukani. Alikuwa na nywele fupi na gauni pana lililoficha mabega. Alisimama kimya, akitabasamu.

"Karibu, dada," alisema Fundi. "Wewe mgeni mtaa huu? Nikushonee nini?"

"Fundi, ni mimi."

Aliposikia sauti hiyo, Fundi alimtambua. Ni muuguzi! Jirani wa ukuta kwa ukuta, waliyelea naye watoto pamoja.

"Jamani! Nimerukwa na akili?"

"Hata kidogo. Nisamehe kwa kukujaribu; nimefumua misuko na kuiacha sare nyumbani. Macho yako ni mazima na akili unayo. Ila ubongo una sehemu zinazoshughulika na sura za watu. Kwa wengine sehemu hizo hazishiki sura vizuri. Wanaona macho, pua na mdomo, lakini hawajui ni vya nani."

"Nimeyapata wapi haya?"

"Huenda umezaliwa nayo. Unaijua ile karatasi unayoifuata kukata kitambaa? Mwili nao una maelekezo yake, yanaitwa vinasaba. Tunayarithi kwa baba na mama. Yanasaidia kuujenga ubongo, hata namna tunavyotambua watu. Ndiyo maana hali hii mara nyingi hufuata ukoo. Baba yako, wewe, sasa binti yako."

"Dawa yake?"

"Dawa hakuna, lakini wapo wataalamu wa kuipima. Nitawapeleka. Anayepoteza uwezo huu ghafla, huyo akimbizwe hospitali, maana ni hatari. Nyinyi semeni tu kwamba hamshiki sura. Waombeni watu wajitaje."

Fundi alimkumbuka baba yake akipita barabarani huku ameinamisha kichwa. Kumbe hayakuwa maringo. Aliogopa kukosea watu. Machozi yalimtoka, na moyo wake ukawa mwepesi.

Alimwita binti yake, akamweleza maneno ya jirani, akamshika mkono. "Mwanangu, nimekukaripia bure. Nisamehe. Twende kwa mkweo."

Walimkuta mama wa mchumba amenuna. Fundi alimweleza yote bila kuficha, hata kisa cha jirani aliyegeuka mgeni.

"Kwa hiyo mimi nikivua kilemba, napotea?" aliuliza yule mama.

"Unapotea kabisa, mama," alijibu binti.

Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Nami nimekesha na kinyongo! Uchumba uko palepale." Kisha akatulia. "Na mzee wako, Fundi, hata mimi nilimwita Bwana Maringo. Tulimwonea."

"Hamkujua," alisema Fundi. "Hata yeye hakujua."

Siku hizi wateja wa Fundi hujitaja mlangoni, na hakuna anayenuna. Wiki chache baada ya harusi, binti alikuwa dukani akimsaidia mama yake. Mwanamke asiye na miwani wala kilemba alichungulia.

"Hodi! Ni mimi mama mkwe wako, leo kichwa wazi!"

"Shikamoo, mama!" binti aliitikia, akamkimbilia.